Nilirudi kwenye baiskeli nikiwa na miaka 63, na baada ya siku 19 hamu ikakatika. Tatizo ni nini hasa?

#1 Mwalimu_Chaki
Salamu kwenu nyote. Nilistaafu ualimu miaka mitatu iliyopita, na mwaka huu nilinunua baiskeli ya mtumba yenye gia 18 hapa Tanga. Ujana wangu niliupitisha juu ya Phoenix, nikitoka Muheza mjini kwenda kufundisha kijijini, kilomita 11 kwenda na 11 kurudi, mvua na jua, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kama nina hamu ya kuipanda baiskeli ile. Sasa nina lami, nina muda, nina baiskeli nyepesi kuliko ile, na daktari amenishauri nifanye mazoezi. Nilianza kwa bidii, kila siku baada ya sala ya alfajiri nikizunguka kutoka Chumbageni hadi Raskazone na vitongoji vyake kisha kurudi, na muda wa kila siku nikauandika kwenye daftari. Daftari linaonyesha siku 19. Siku ya 20 nililala. Tangu hapo baiskeli imesimama ukumbini, na mjukuu wangu anaanika soksi za shule kwenye usukani wake.

Siumwi magoti, sijaanguka, na hakuna aliyenikataza. Kwa nini mtu aliyefanya jambo kwa miaka 10 bila kulalamika ashindwe kulifanya kwa mwezi mmoja akiwa amelitaka mwenyewe? Mliorudi kwenye baiskeli mkiwa mmevuka miaka 55 na mkadumu nayo, naomba mniambie kilichowadumisha.

#2 Mkuki_wa_Ngamiani
Shikamoo Mwalimu. Mimi naona jibu umeliandika mwenyewe bila kukusudia: ile Phoenix ilikuwa na mahali pa kwenda. Kutoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi bila kushuka popote si safari, ni doria. Baba yangu ana miaka 71 na kila asubuhi anapanda baiskeli kwenda kufuata samaki ufukweni, ingawa wachuuzi wa samaki hao hao hupita mlangoni kwetu saa mbili baadaye. Ukimwambia anafanya mazoezi atakasirika. Yeye anafuata samaki.

#3 Fundi_Spoki
Kabla hatujaingia kwenye falsafa, tuangalie kiti. Natengeneza baiskeli kwa mwaka wa 22 sasa, na karibu kila mzee anayerudi kwenye baiskeli hunitaka nishushe kiti mpaka nyayo zake zikanyage chini akiwa amekaa. Kiti kikiwa chini hivyo, goti hubaki limejikunja muda wote, paja hufanya kazi ambayo lisingefanya kama mguu ungenyooka, na mwili huchoka mapema. Mwenye mwili hajui kwamba ni kiti, kwa hiyo husema hamu imeisha.

Pima hivi: kaa kwenye baiskeli, mtu aishike, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, pale panaponyongwa hasa, goti litajikunja kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Kama kiti kiko chini, kipandishe sentimita moja kwa siku, usikipandishe chote kwa mara moja. Halafu, Mwalimu, tumia gia nyepesi. Waliokulia kwenye baiskeli za gia moja huona kwamba pedali isipokuwa nzito haujaendesha. Miguu izunguke mara 70 hadi 80 kwa dakika, hata kama unajiona kama unazungusha hewa.

#4 Mwalimu_Chaki
Marahaba Mkuki. Fundi, nimetoka kupima sasa hivi, mke wangu akiwa ameshika usukani na kunicheka. Kisigino kipo kwenye pedali, na bado goti limejikunja kama la mtu aliyekaa kwenye kigoda. Lakini nikikipandisha, nikisimama nitaweka miguu wapi?

#5 Fundi_Spoki
Ukisimama hukai kwenye kiti. Unateleza mbele, unashuka, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedali. Kiti ni cha kuendeshea, si cha kungojea.

#6 Bi_Kikapu
Fundi, mafundisho yako ni ya mtu ambaye bado anaweza kurusha mguu juu ya keria. Mimi nipo Unguja, nina miaka 58, na tangu nirudi kwenye baiskeli nimeanguka mara mbili, zote mbili baiskeli ikiwa haijaondoka: mara ya kwanza mguu ulinaswa na kiti nilipokuwa napanda, mara ya pili pindo la nguo lilinaswa na spoki. Sasa ninayo ya kike, isiyo na bomba la juu, yenye wavu pembeni mwa gurudumu la nyuma. Wanaume wengi wa umri wenu wangeihitaji sana baiskeli hiyo, na wangeona heri wabaki nyumbani kuliko kuonekana juu yake.

Na hapo ndipo kwenye maoni yangu. Mwalimu anasema hakuna aliyemkataza, lakini macho ya watu hayahitaji kusema. Wiki ya kwanza majirani wawili waliniuliza kama gari la mume wangu limeuzwa. Mmoja alimtuma mwanawe aje kunipa lifti, mtoto wa watu akawa ananifuata polepole kwa gari hadi nikaona aibu mimi badala yake. Nilipofunga kikapu mbele, maswali yaliisha siku hiyo hiyo. Mwanamke mwenye kikapu ana shughuli zake. Asiye na kikapu ana matatizo.

#7 Mkuki_wa_Ngamiani
Bi Kikapu, umethibitisha hoja yangu. Kikapu ndiyo safari yenyewe.

#8 Bi_Kikapu
Sijathibitisha kitu, mwanangu. Kikapu changu aghalabu kina funguo na chupa ya maji tu. Nazunguka bila sababu kama Mwalimu, tofauti ni kwamba hakuna anayejua.

#9 Tabibu_Mstaafu
Nimesoma yote na ninashangaa kwamba hakuna aliyehesabu. Siku 19 mfululizo bila siku moja ya mapumziko, kwa mtu wa miaka 63 ambaye hakuwa ameendesha kwa miaka mingi. Misuli ya umri wetu hujirekebisha, lakini haijirekebishi usiku mmoja kama ya kijana. Mwalimu, naomba unijibu maswali mawili: ulikuwa unatumia dakika ngapi kwa siku, na unatumia dawa gani?

#10 Mwalimu_Chaki
Kwa wastani dakika 55. Dawa ni atenolol ya shinikizo la damu, ambayo nilianzishiwa katika wiki ya pili ya mazoezi.

#11 Tabibu_Mstaafu
Dakika 55 mara 7 ni 385 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa hiyo umevuka kiwango cha juu ukiwa bado mgeni.

Kuhusu atenolol, dawa za kundi hilo hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na hiyo ndiyo kazi yake. Moyo uliozoea kupanda haraka unapoanza kunyonga sasa unazuiwa, na watumiaji wengi huhisi miguu mizito na uchovu ambao hawaupatii jina. Ndiyo sababu pia saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo, kwa hesabu ile ya 220 kutoa umri ili kupata kikomo cha mapigo, huwapotosha wanaotumia dawa hizi. Nasisitiza kwamba usiache dawa, na usipunguze kwa sababu umesoma maneno ya mtu mtandaoni. Mweleze daktari wako kwamba unaendesha baiskeli na kwamba unachoka. Dawa za shinikizo la damu ni za makundi mengi. Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide nao wasiondoke alfajiri na tumbo tupu, na wabebe kitu chenye sukari mfukoni.

Jambo la mwisho, baiskeli haiubebeshi mfupa uzito wa mwili, kwa hiyo anayeendesha tu, bila kutembea wala kunyanyua chochote, anaimarisha moyo na kuisahau mifupa.

#12 Njiwa_wa_Karura
Daktari, kwa heshima, 300 si dari. Pendekezo lenyewe linasema kwamba ukizidisha hapo unaongeza faida. Tatizo la Mwalimu, kama lipo, ni kuanzia huko juu badala ya kupanda taratibu.

#13 Tabibu_Mstaafu
Nimekubali sahihisho kuhusu dari. Mimi pia si daktari, nilikuwa tabibu, na tofauti hiyo ilinigharimu mshahara kwa miaka 34.

#14 Asiyechoka_Dodoma
Ndugu zangu, mnamdekeza Mwalimu. Hamu ni maneno ya watu wasiotaka kuamka. Kuna Mfaransa aliyeitwa Robert Marchand ambaye hakushuka kwenye baiskeli maisha yake yote, na akiwa na miaka 105 aliendesha kilomita 27 kwa saa moja. Angengoja hamu angefika wapi? Weka kengele ya saa, amka, panda. Hata hizo Phoenix za Wahindi mlizipanda bila kuulizana habari za hamu.

#15 Njiwa_wa_Karura
Nasahihisha mambo matatu. Kilomita 26.927 ni rekodi ya mwaka 2014, Marchand akiwa na miaka 102. Akiwa na miaka 105, Januari 2017, alipata kilomita 22.547 kwenye uwanja wa baiskeli wa Saint-Quentin-en-Yvelines, akalalamika kwamba hakukiona kibao cha kumjulisha kuwa zimebaki dakika 10, vinginevyo angeongeza mwendo. Pili, si kweli kwamba hakushuka. Ujanani aliambiwa kwamba umbo lake ni dogo mno kwa mashindano, akaiacha baiskeli kwa miongo kadhaa, akairudia akiwa na miaka 67. Tatu, Phoenix ni ya Shanghai. Za Wahindi ni Hero na Avon.

#16 Bi_Kikapu
Kumbe Mwalimu bado ana miaka minne ya kulala kabla hajachelewa.

#17 Dereva_Mstaafu
Msisahau Swala, iliyounganishwa hapa hapa Dar es Salaam na kiwanda cha baiskeli cha NABICO. Nilikuwa nayo. Fremu yake ilikuwa nzito kiasi kwamba mwizi angekuomba umsaidie kuibeba.

Turudi kwenye mada. Mimi nilikuwa dereva wa malori, na naamini kwamba kinachoitwa kukosa hamu mara nyingi ni woga uliovaa kanzu. Pembeni mwa barabara ya mwendokasi, Morogoro Road, tumejengewa njia ya baiskeli, na humo humo utakutana na bodaboda wawili, mmoja mbele yako na mwingine nyuma, wote wakikupigia honi kana kwamba wewe ndiye uliyepotea njia. Kijana akipitiwa na bodaboda sentimita 20 kutoka kwenye kiwiko hutukana na kuendelea. Mzee hanyamazi kwa sababu amesamehe. Ananyamaza kwa sababu moyo unapiga, na kesho yake, bila kujua kwa nini, anaona usingizi ni mtamu. Mimi sasa huendesha Jumapili tu, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, na sina tatizo la hamu hata kidogo.

#18 Mtu_wa_Vilima
Nawasalimu kutoka Kigali. Dereva amegusa jambo ambalo hapa tumelipatia nafuu kidogo. Tangu mwaka 2016 kuna Jumapili ambazo baadhi ya barabara kuu za jiji hufungwa kwa magari asubuhi, na watu hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika hapa Septemba 2025, kwa mara ya kwanza Afrika, vijana wengi walipata ari, na sisi wazee tukapata sababu ya kusimama kilimani na kuwaonea huruma wanaokipanda.

Hata hivyo sikubaliani kwamba barabara ndiyo iliyotudumisha. Tuko watano, mdogo wetu ana miaka 60. Asiyefika saa 12 anapigiwa simu, na asiyepokea anafuatwa nyumbani. Asubuhi nyingi sina hamu yoyote. Naamka kwa sababu sitaki watu wanne wasimame mlangoni kwangu mbele ya mke wangu.

#19 Mjomba_wa_Hamburg
Huku niliko, wenzangu wa umri wa Mwalimu wamehamia kwenye baiskeli za umeme, na siwalaumu. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya mota yake haizidi wati 250 na huacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Kilima kilichokuwa kikimrudisha mtu nyumbani hakimrudishi tena.

#20 Asiyechoka_Dodoma
Hiyo ni pikipiki iliyoona haya.

#21 Mjomba_wa_Hamburg
Usiponyonga haiendi, ndugu yangu. Shemeji yako ana miaka 66 na mwezi uliopita alinyonga siku 14. Wewe ulinyonga ngapi?

#22 Asiyechoka_Dodoma
Naomba tusitoke nje ya mada.

#23 Mhasibu_Zamani
Nami naomba kuuliza kuhusu lile daftari. Mwalimu, unaweza kutuwekea hapa ulichoandika?

#24 Mwalimu_Chaki
Njia ilikuwa ile ile siku zote. Siku ya kwanza dakika 62. Siku ya tano 56. Siku ya tisa 51, ambayo ndiyo bora. Kuanzia hapo 52, 52, 53, ikawa inapanda kidogo kidogo, na siku ya 19 ilikuwa 58.

#25 Mhasibu_Zamani
Basi mimi nimeshapata jibu. Kwa siku tisa ulikuwa mwanafunzi anayefaulu, na kwa siku kumi ukawa mwanafunzi anayeshuka darasani, na mwalimu anayesahihisha ni wewe mwenyewe, kwa wino mwekundu. Nani angeamka alfajiri kwenda kufeli? Mimi nilikuwa na saa ya kuhesabu kilomita, ikawa nikipita kwenye miembe yenye kivuli kizuri sisimami kwa sababu wastani utashuka. Nikampa mwanangu saa ile. Sasa sijui naendesha kilomita ngapi, lakini najua miembe yote.

#26 Tabibu_Mstaafu
Tarakimu hizo hizo mimi nazisoma vingine. Ameanza kushuka katika wiki ya pili, na wiki ya pili ndiyo aliyoanza dawa, juu ya uchovu ambao haukupumzishwa. Daftari halikumchosha, limeurekodi uchovu.

#27 Fundi_Spoki
Mwalimu, niwie radhi kwa swali la kitoto. Tangu uinunue baiskeli hiyo umeitia upepo mara ngapi?

#28 Mwalimu_Chaki
Mara moja. Siku niliyoinunua.

#29 Fundi_Spoki
Sina la kuongeza.

#30 Bi_Kikapu
Nimecheka mpaka mume wangu ametoka ndani kuuliza kuna nini. Watu wamefika hadi Ufaransa, kumbe ni upepo.

#31 Dereva_Mstaafu
Fundi asifurahi mapema. Tairi laini linaeleza kwa nini alichelewa dakika saba. Halielezi kwa nini aliacha. Nimewahi kuendesha lori lenye tairi bovu kutoka Tunduma na sikulala nyumbani siku ya 20.

#32 Fundi_Spoki
Ulikuwa unalipwa.

#33 Mkuki_wa_Ngamiani
Na ulikuwa na mahali pa kwenda.

#34 Mwalimu_Chaki
Ninarudi baada ya siku sita nikiwa na taarifa. Nilikwenda kwa fundi wa mtaani kwetu. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kipimo cha upepo, 40 hadi 65, na pampu yake ilisoma 18. Alitoa tyubu ya nyuma, akaipitisha kwenye karai la maji, na kando ya valvu pakatokea vipovu vidogo sana, kimoja kimoja, kama vya samaki aliyelala; akapiga msasa, akapaka solusheni, akakingoja kiraka huku tukizungumza habari za mpira. Kiti nimekipandisha sentimita tatu kwa siku tatu. Daktari ameniona na kunibadilishia dawa. Daftari nimelifungia kabatini.

Leo asubuhi nilikwenda hadi Amboni kwa mwalimu mwenzangu ambaye tangu tustaafu tumekuwa tukiahidiana kutembeleana. Nilipofika alikuwa anapalilia. Tulikunywa chai, akanionyesha mguu wake wenye baridi yabisi, nikamwonyesha kiti changu. Nilirudi jua likiwa juu. Sijui nilitumia dakika ngapi.

#35 Tabibu_Mstaafu
Nafurahi, lakini Mwalimu, umebadilisha mambo matano kwa wiki moja. Sasa tutajuaje lipi lililofanya kazi?

#36 Fundi_Spoki
Ni upepo.

#37 Mhasibu_Zamani
Ni daftari.

#38 Mtu_wa_Vilima
Ni huyo rafiki wa Amboni. Mwambie naye atafute baiskeli, baridi yabisi ya goti mara nyingi huipenda pedali nyepesi kuliko kutembea.

#39 Asiyechoka_Dodoma
Aliamka. Hilo tu.

#40 Bi_Kikapu
Na soksi za mjukuu?

#41 Mwalimu_Chaki
Zimehamia kwenye kamba, na mwenyewe amelalamika kwamba huko hazikauki vizuri. Kesho ni Jumapili, napumzika kama Tabibu alivyoagiza.

#42 Mkuki_wa_Ngamiani
Mwalimu, nimemsomea baba uzi wote huu jana usiku. Hakusema kitu kuhusu hamu. Ameuliza tu kama Jumatatu utampitia mkafuate samaki, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na amesema hangojei mtu.

#43 Mwalimu_Chaki
Mwambie nitafika, ila sina kikapu.